Pembe za Pronghoni, Tepu na Kitabu cha Kumbukumbu

Ndugu wawindaji, waongozaji wa uwindaji na wanafunzi wa wanyamapori, asanteni kwa kufika.

Mnyama wetu wa leo ni pronghoni, mkazi wa nyika za magharibi mwa Amerika Kaskazini. Makazi yake yanaanzia Alberta na Saskatchewan kule Kanada, yanapita Montana, Wyoming, Colorado na New Mexico, yanaishia kaskazini mwa Mexico. Ukimwona kwa mbali utasema ni swala, lakini yuko katika familia yake peke yake, na jamaa zake wote wa familia hiyo walishatoweka. Tuna mambo mawili ya kuzungumza: namna ya kukadiria pembe zake akiwa hai, amesimama mita mia tatu mbele yako, na namna ya kuisoma namba inayoandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za nyara baada ya tepu kupita juu ya pembe hizo. Msimamo wangu nautoa mapema. Mfumo wa kupima ni mzuri na umefikiriwa kwa makini, lakini kila namba inayotoka humo ina nafasi ya kukosea inayokaribia inchi moja hata mpimaji akiwa stadi. Anayesahau hilo hutangaza washindi ambao tepu haikuwatofautisha.

Tuanze na pembe yenyewe. Ina sehemu mbili. Ndani kuna kiini cha mfupa, kimebapa ubavuni, hakina tawi, na hukaa na mnyama maisha yake yote. Juu ya kiini kuna ala ya keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha na kwato, na kwenye shina ala hiyo imechanganyika na nywele. Tawi la mbele, lile linalomtambulisha mnyama huyu, ni la ala tu. Pronghoni hupandana Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, na baada ya hapo, majira ya vuli yanapoisha, ala inaanguka. Ala mpya huwa imeshaanza kukua chini yake, na kufikia kiangazi inakuwa imekamilika. Kwa hiyo pembe unayoiona Agosti ni ya mwaka mmoja tu. Dume yule yule anaweza kuwa na pembe nzito mwaka huu na nyepesi mwaka ujao, ikitegemea alikula nini na alipitia baridi ya namna gani. Watafiti waliopima pembe za madume wenye umri unaojulikana walikuta ukubwa umeshakaribia kilele mnyama akiwa na miaka miwili au mitatu. Basi kumwita dume "mzee" kwa kuangalia pembe ni kubahatisha.

Jike naye anaweza kuwa na pembe, ila huwa ndogo, kwa kawaida fupi kuliko sikio, na hazina tawi. Ukiwa na shaka, tazama shavu. Dume ana baka jeusi chini ya sikio, jike hana.

Sasa tuje kwenye mfumo wenyewe. Klabu ya Boone and Crockett ilianzishwa 1887, Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa miongoni mwa waasisi. Ilitoa kitabu chake cha kwanza cha kumbukumbu 1932, wakati ambapo watu wengi waliamini wanyama wakubwa wa Amerika wako njiani kwisha. Kwa pronghoni hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana miaka ya 1920 walikadiriwa kubaki kama 30,000 hivi. Mfumo wa kupima unaotumika leo ulipitishwa 1950. Kiwango cha chini cha kuingia kwenye tuzo za klabu, zinazotolewa kila baada ya miaka mitatu, ni jumla ya vipimo ya inchi 80, na kuingia kwenye kitabu cha kudumu ni inchi 82. Klabu ya Pope and Young, ambayo ni ya wapiga upinde, hutumia njia hiyo hiyo ya kupima lakini kiwango chake ni inchi 67.

Vipimo vyote husomwa kwa inchi na thumuni za inchi, yaani sehemu za nane, kwa tepu ya chuma inayonyumbulika, upana wake robo inchi. Kila pembe hupimwa mara sita: urefu, mizingo minne (vipimo vya kuizunguka pembe), na tawi. Upana kati ya pembe mbili huandikwa kwenye fomu, na umbali kati ya ncha na ncha pia, lakini hivyo ni vya kumbukumbu tu na havina alama. Wenzetu waliozoea nyati wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipimwa kwa njia ya Rowland Ward, mfumo mwingine wa kumbukumbu za nyara, ambako upana ndio kila kitu, inabidi wajizoeze upya hapa. Dume mwenye pembe zilizotanuka hupendeza sana kwa macho, lakini huko kutanuka hakumwongezei hata thumuni moja.

Urefu hupimwa kufuata katikati ya mgongo wa nje wa mkunjo, kuanzia nchani hadi usawa wa ukingo wa chini kabisa wa shina. Ukingo wa shina umechongoka-chongoka, kwa hiyo weka rula iliyonyooka kwenye sehemu ya chini kabisa ili ujue mstari unaishia wapi. Utata wenyewe uko juu, karibu na ncha. Pembe za pronghoni hazikunjiki kwa mtindo mmoja: nyingine hujikunja ndani kuelekeana, nyingine hurudi nyuma, nyingine hufanya yote mawili. Mstari wa nje hubadilika kulingana na mkunjo, na wapimaji wawili waangalifu wanaweza kuchagua mistari miwili tofauti. Kwa maoni yangu hapa ndipo ugomvi mwingi wa kweli kati ya wapimaji unapoanzia. Dawa yake ni kuuchora mstari kwa penseli kabla ya kuweka tepu, kuutazama kutoka pande mbili, na kupima mara moja tu utakaporidhika na mstari.

Mzingo wa kwanza ni wa shinani. Tepu izunguke mahali pa chini kabisa ambapo ala ni kamili pande zote, juu ya zile chonga, na iukate kwa digrii tisini mhimili wa pembe, yaani mstari wa kati unaopita kwa urefu wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Tepu ikilala upande, hata kidogo, inazunguka njia ndefu zaidi na namba inapanda. Hakuna namna ya tepu kulala upande ikapunguza namba, na kwa sababu hiyo kosa la aina hii halijisawazishi hata ukipima mara kumi.

Mizingo mitatu inayobaki hupimwa kwenye mistari ya robo. Chukua urefu wa pembe iliyo ndefu zaidi, ugawe kwa nne, kisha uweke mistari hiyo hiyo kwenye pembe zote mbili, hata kama ya pili ni fupi. Pembe ya inchi 15 inatoa mistari kwenye 3 6/8, 7 4/8 na 11 2/8 kutoka shinani. Hapo tawi linaingilia kati. Uvimbe wa tawi ukigusa mstari wa robo ya kwanza, kipimo hushushwa hadi chini kidogo ya uvimbe. Mstari wa nusu ukiangukia kwenye uvimbe, kipimo hupandishwa hadi juu kidogo ya tawi. Kwa hiyo tawi lililoota juu kabisa lina faida kubwa: mstari wa nusu unabaki chini yake, mahali pembe ikingali nene. Tawi lililoota chini, au katikati kabisa, linaupeleka mstari huo kwenye sehemu iliyokwisha kuwa nyembamba. Pembe mbili zenye urefu na unene ule ule shinani zinaweza kutofautiana inchi moja na nusu kwenye kipimo hicho kimoja.

Angalieni pia kwamba kosa la urefu huzaa makosa mengine. Ukizidisha urefu kwa inchi moja, mstari wa robo tatu unapanda robo tatu ya inchi kuelekea nchani, na pembe huko ni nyembamba, hivyo mzingo unapungua. Ukipunguza urefu, mistari inashuka kwenye unene. Makosa hayo mawili hufichana, na jumla inaweza kuonekana sawa wakati vipande vyake vyote si sahihi. Ndiyo maana fomu nzima ina thamani kuliko alama ya mwisho peke yake.

Kipimo cha tawi ndicho wengi hukikosea. Anza kwenye ncha ya tawi, fuata ukingo wake wa juu upande wa nje hadi kwenye pembe, halafu endelea kuizunguka pembe hadi nyuma, mahali ambapo rula iliyowekwa kukatiza migongo ya pembe zote mbili inagusa. Kipande hicho cha pili, cha kuzunguka pembe, kiukate mhimili kwa digrii tisini. Makosa ni matatu: kupima ukingo wa chini wa tawi badala ya wa juu, kuishia mbele ya pembe na kusahau mzunguko wa kwenda nyuma, na kuiacha tepu ipande au ishuke inapozunguka. Kwa kuwa rula inagusa pembe zote mbili kwa pamoja, ala iliyorudishwa kwenye kiini ikiwa imepinda kidogo hubadilisha mahali pa kuishia, na tawi linarefuka au linafupika bila mtu kuligusa.

Baada ya hapo ni hesabu. Jumlisha pembe ya kulia na ya kushoto, kisha toa tofauti kati yao, kipimo kwa kipimo. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Pembe ya kulia: urefu 15, mizingo 6 4/8, 6 2/8, 4 2/8 na 2 6/8, tawi 5 4/8. Jumla 40 2/8. Ya kushoto: urefu 14 6/8, mizingo 6 4/8, 6 1/8, 4 2/8 na 2 5/8, tawi 5 1/8. Jumla 39 3/8. Zote mbili ni 79 5/8. Tofauti zikijumlishwa ni 7/8. Alama ya mwisho ni 78 6/8.

Tazameni kilichotokea humo. Kujumlisha namba mbili na kutoa tofauti yao ni sawa na kuichukua iliyo ndogo mara mbili. Pembe za inchi 15 na 14 6/8 zinatoa 29 6/8, ukitoa 2/8 unapata 29 4/8, ambayo ni 14 6/8 mara mbili. Katika mfano wetu kila kipimo cha kushoto ni kidogo au sawa, na 39 3/8 mara mbili ni 78 6/8 kamili. Kwa maneno mengine, katika kila jozi ya vipimo pembe dhaifu ndiyo inayoamua kila kitu, na ile yenye nguvu haichangii chochote cha ziada.

Kwa mpimaji, maana yake ni nzito. Ukikosea thumuni moja kwa kuzidisha kwenye upande wenye nguvu, alama ya mwisho haitikisiki. Ukikosea thumuni hiyo hiyo kwenye upande dhaifu, alama inasogea thumuni mbili. Na pembe zikiwa zinalingana kabisa, kosa la bahati mbaya la kupunguza upande mmoja linashusha alama, wakati kosa la kuzidisha upande mmoja halifanyi kitu. Hivyo makosa ya kubahatisha huwapunja wanyama wenye pembe zilizolingana, na makosa ya mtindo, kama ile tepu inayolala upande kila mara, humpandisha kila mnyama anayepita mikononi mwa mpimaji huyo. Ushauri wangu ni huu: muda wako wa kurudia utumie kwenye upande dhaifu wa kila jozi. Wapimaji wengi hufanya kinyume, hurudia pembe kubwa kwa sababu ndiyo inayovutia.

Sasa tukadirie ukubwa wa nafasi ya kukosea. Kusoma hadi thumuni iliyo karibu kunamaanisha kila kipimo kinaweza kuwa pungufu au zaidi kwa nusu ya thumuni hata mkono usipokosea kabisa. Vipimo sita vya upande dhaifu, mara mbili, vinatoa hadi 6/8 ya inchi kwa kusoma peke yake. Hiyo ni hali ya mwisho, ambapo kila kitu kimeegemea upande mmoja, na mara nyingi vitafidiana. Lakini ongeza tepu iliyolala kidogo, mstari wa urefu uliochorwa kwa ukarimu, tawi lililozungukwa bila rula. Yule dume wetu wa 78 6/8, akiongezewa thumuni moja tu katika kila kipimo kati ya kumi na viwili, anafika 80 2/8. Amevuka kiwango na jina limeingia kwenye orodha. Hakuna aliyedanganya. Thumuni moja ni unene wa kamba ya kiatu.

Kwa sababu hiyo namba inayogusa kiwango ipimwe mara ya pili na mtu mwingine, asiyeona fomu ya kwanza, baada ya mistari ya penseli kufutwa. Mistari ikibaki, mpimaji wa pili anarudia kosa la wa kwanza na tunaita hilo uthibitisho. Boone and Crockett wenyewe wanalijua jambo hili: wapimaji rasmi lazima wapitie mafunzo, na nyara za juu kabisa huitwa na kupimwa upya na jopo kabla ya kutangazwa. Ukitaka kuona kwa nini, angalia ngazi ya juu. Pembe kutoka kaunti ya Coconino, Arizona, za mwaka 1985 ziliandikwa 93 4/8. Zile za kaunti ya Socorro, New Mexico, za mwaka 2013 ziliandikwa 96 4/8. Tofauti ya inchi tatu ni ya kweli, inazidi makosa ya tepu. Lakini wanyama wawili wanaotofautiana 2/8, kumwita mmoja wa nne na mwingine wa saba ni mpangilio wa kitabu tu. Kwenye mizania ya kweli wamelingana.

Wapo pia wanaotumia mifumo mingine. Safari Club International haitoi tofauti kati ya pembe, hivyo mnyama mwenye pembe moja dhaifu anapata zaidi kwao kuliko kwa Boone and Crockett. Namba za mifumo miwili zisilinganishwe bila kurudi kwenye vipimo ghafi.

Nigusie ukaushaji, maana nyara nyingi huharibikia huko. Kanuni ni siku 60 za kukauka katika hali ya kawaida ya hewa kabla ya kipimo rasmi. Kama kichwa kilikaa kwenye friza, siku zinaanza kinapotoka. Kama fuvu lilichemshwa, zinaanza baada ya kuchemshwa. Keratini hunywa maji na kuvimba, hukauka na kusinyaa, na mizingo ndiyo inayoathirika zaidi. Siku chache baada ya mnyama kufa tishu kati ya ala na kiini hulegea, na ala hutoka kwa kuizungusha taratibu. Andika kulia na kushoto ndani ya ala siku hiyo hiyo, na piga mstari mdogo wa penseli kwenye ala na kwenye fuvu ili uzirudishe zilivyokaa. Kwangua tishu zote kwenye kiini na ndani ya ala, osha, anika kivulini. Ukiziacha, zitanuka, na wadudu wanaokula ngozi na nywele watatoboa ala kuanzia shinani, mahali hasa pa kipimo cha kwanza. Ala zenyewe usizichemshe. Joto la maji huzilainisha, zikipoa zinabaki na umbo lisilo lake. Na ukizijaza gundi nzito ili zikae imara kwenye kiini, usizisukume kwa nguvu hadi shina litanuke. Kitu chochote kilichoongezwa kufidia ncha iliyovunjika hakihesabiwi. Kinachopimwa ni pembe aliyoibeba mnyama.

Turudi nyikani, kabla ya kufyatua risasi. Vyombo vyako vya kupimia hapo ni sikio, jicho na pua ya mnyama. Sikio la pronghoni lina kama inchi 6. Jicho, kutoka kona hadi kona, lina kama inchi 2. Kutoka ncha ya pua hadi shina la pembe ni kama inchi 12 hadi 13. Pembe inayozidi masikio mawili kwa urefu wa wima, na bado ina mkunjo juu, inakaribia inchi 14 au 15. Mkunjo ndio unaowadanganya wengi: ukimtazama dume kutoka ubavuni, ncha zilizojikunja ndani huonekana zimekatika, na inchi mbili au tatu hupotea machoni. Mtazame kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Pronghoni hatulii, ukisubiri atakugeukia.

Unene uukadirie kwa jicho. Pembe imeota juu kabisa ya jicho, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Kwa kuwa pembe imebapa, ubavuni ndiko inakoonekana pana. Shina lisilozidi upana wa jicho ni la kawaida. Linalolizidi waziwazi ni zito. Halafu tazama tawi limeota wapi. Likiwa usawa wa ncha ya sikio au juu zaidi, ni dalili njema kwa sababu niliyoieleza. Tawi lenyewe likionekana kutokeza inchi 3 mbele ya pembe, ukiongeza kipande cha kuzunguka nyuma unapata kama 5.

Hesabu pembe moja, iliyo dhaifu, kisha zidisha kwa mbili. Kufika 80 unahitaji 40 kwa kila pembe. Urefu 15 na tawi 5 zinaacha 20 kwa mizingo minne, wastani wa 5 kwa kila mmoja. Na hapa niseme jambo ambalo wageni wengi hawaliamini hadi waone namba. Dume wa inchi 16 mwenye mizingo 5 4/8, 5 2/8, 3 6/8 na 2 4/8 na tawi 4 4/8 ana 37 4/8 kwa pembe, yaani 75. Dume wa inchi 14 tu mwenye mizingo 7, 6 6/8, 5 na 3 2/8 na tawi 5 4/8 ana 41 4/8, yaani 83. Mfupi kampita mrefu kwa inchi nane. Mizingo inachukua karibu nusu ya alama zote, na macho ya binadamu hayajui kuona mzingo, yanaona urefu. Mwongozaji anayetaka kuwa hodari ajifunze kutazama katikati ya pembe, kuanzia tawi kwenda juu, akiuliza kama unene unaendelea au unakatika ghafla.

Makadirio ya darubini yana mipaka yake. Ukikosea nusu inchi kwenye urefu, robo inchi kwenye kila mzingo, na nusu inchi kwenye tawi, umekosea inchi mbili kwa pembe na nne kwa mnyama. Hayo ni makosa madogo sana kwa umbali wa mita mia tatu. Anayesema porini "huyu ni 81" angesema kwa haki "huyu ni kati ya 77 na 85". Na usikadirie mchana jua likiwa kali. Hewa ya moto juu ya nyasi hutikisa sura, pembe nyeusi hurefuka na kutanuka kwenye darubini, hasa nyuma yake kukiwa na anga tupu. Asubuhi na jioni, na nyuma yake kuna kilima, ndipo utaona ukubwa wake halisi. Tazama pia mwili: dume mdogo wa mwili hubeba pembe zinazoonekana kubwa kuliko zilivyo. Mlinganishe na madume wengine walio karibu naye.

Mwisho nizungumze na wanafunzi, kwa sababu ninyi ndio mtakaotumia vitabu hivi kama takwimu. Kitabu cha kumbukumbu hakikukusanywa kwa nasibu. Mtu huleta nyara kwa hiari yake, na yote yaliyo chini ya kiwango hayaonekani. Tuseme pembe za kundi zima zimepungua inchi mbili. Dume wa 84 sasa ni 82, bado yumo. Wa 81 amekuwa 79, ametoweka kwenye orodha ya tuzo bila kuacha alama. Wastani wa waliomo hautaonyesha upungufu wote huo. Idadi ya wanaoingia itashuka, lakini idadi nayo inategemea vibali vilivyotolewa na hamu ya watu kusajili. Wyoming ina pronghoni wengi kuliko jimbo lolote, na jimbo lenye wanyama wengi na vibali vingi litakuwa na majina mengi kitabuni hata kama pembe zake ni za kawaida. Ukitaka kulinganisha majimbo, gawanya kwa idadi ya madume waliovunwa.

Hata hivyo kumbukumbu hizi si za kutupwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013 ulitumia data za Boone and Crockett za mwaka 1900 hadi 2008, zaidi ya nyara 22,000 za aina mbalimbali, ukakuta upungufu mdogo wa ukubwa: chini ya asilimia 2 kwa wanyama wa jamii ya kulungu na chini ya asilimia 1 kwa wenye pembe za ala. Ona jinsi badiliko lenyewe lilivyo dogo. Asilimia 1 ya alama 82 ni thumuni sita au saba, kiasi kile kile ambacho mpimaji mmoja anaweza kukipoteza mezani. Kwenye maelfu ya nyara makosa ya kubahatisha hufifia, kwa hiyo badiliko dogo linaweza kuonekana. Makosa ya mtindo hayafifii, na kama kizazi kimoja cha wapimaji kilifundishwa tofauti na kilichopita, data itaonyesha badiliko ambalo halikutokea porini.

Kwa hiyo ukikaa kituo cha ukaguzi na wawindaji wanakuletea vichwa, pima vyote, vikubwa na vidogo, usingoje vizuri tu. Andika vipimo vyote kumi na viwili, kila kimoja peke yake, usiandike jumla tupu. Andika tarehe mnyama alipopigwa, tarehe ulipopima, na kama ala zilikuwa mbichi au kavu, maana hizo mbili hazichanganywi. Andika eneo la uwindaji. Kisha ng'oa jino la mbele la taya la chini pamoja na mzizi wake mzima, uliweke kwenye bahasha ya karatasi, usitumie plastiki kwa sababu litaoza, na uandike kwenye bahasha namba ile ile iliyo kwenye fomu. Matabaka ya saruji ya mzizi, yaani tishu ngumu inayoufunika mzizi wa jino, yatasomwa maabara kujua umri, na mzizi ukivunjikia ndani ya taya hakuna cha kusoma.